Ova 50, Ova 20 na Mtazamaji Aliyelipa Kiingilio

Hotuba kwa wapenzi wa kriketi, Nairobi

Mwenyekiti wa kikao, viongozi wa vilabu, walimu wa michezo, wachezaji wa kike na wa kiume, nanyi nyote mnaoipenda kriketi, nawasalimu kwa heshima.

Nimeombwa nizungumzie mitindo ya kriketi yenye kikomo cha ova, yaani mafungu ya mipira sita ambayo kila upande hupigiwa, na nieleze ni upi unaomfaa zaidi mtazamaji. Mara nyingi swali hili hujibiwa na wauzaji wa haki za televisheni, makocha na wachezaji, na kila mmoja hulijibu kwa kutazama kile anachokipata yeye. Leo naomba tukae upande wa mtu aliyelipa kiingilio, aliyeacha shughuli zake za Jumamosi na kuja na watoto wake kuketi kandokando ya uwanja. Jambo analolitafuta mtu huyo kuliko yote ni kwamba asijue mapema nani atashinda, na kwamba timu iliyolemewa iwe na muda wa kutosha wa kujikwamua mbele ya macho yake. Kwa kipimo hicho nasema wazi tangu sasa kwamba ova 50 ndizo zinazompa mtazamaji mchezo mkubwa zaidi. Nasema vilevile kwamba ova 20 ndizo zinazoweza kumfikisha uwanjani mara ya kwanza, na kwamba sisi wa Afrika Mashariki tutapotea tukichagua kimoja na kukitupa kingine.

Tukumbuke kwanza kwamba kikomo cha ova kiliwekwa kwa ajili ya mtazamaji. Huko Uingereza mwaka 1963, vilabu vya majimbo vilipoona viti vinabaki vitupu katika mechi za siku tatu, vilianzisha shindano la siku moja, kila upande ukipiga kwa ova 65, ambazo baadaye zilipunguzwa hadi 60. Mechi ya kwanza ya kimataifa ya siku moja, iliyochezwa Melbourne tarehe 5 Januari 1971, ilitokana na mvua: mechi ya siku tano kati ya Australia na Uingereza ilikuwa imeharibika, waandaaji wakaamua kuwapa watu angalau siku moja ya kriketi, na wakaja watazamaji wapatao 46,000. Miaka minne baadaye likafanyika Kombe la Dunia la kwanza la wanaume, la ova 60, na timu iliyoitwa Afrika Mashariki, yenye wachezaji kutoka Kenya, Uganda, Tanzania na Zambia, ilikuwamo. Ilipoteza mechi zake zote tatu, lakini ilikuwamo.

Katika Kombe hilohilo lilitokea jambo ambalo kila anayesifu kriketi ya ova chache anapaswa kulikumbuka. Uwanjani Lord's, London, tarehe 7 Juni 1975, Uingereza ilipata mikimbio 334, yaani pointi za kriketi, na Sunil Gavaskar wa India, mmoja wa wapigaji bora waliowahi kushika gongo, akafungua zamu ya nchi yake na kubaki hadi ova ya mwisho akiwa na mikimbio 36 kwa mipira 174. India iliishia 132 kwa wiketi tatu, yaani wapigaji watatu tu wakiwa wametolewa. Kikomo cha ova kilikuwapo, jua lilikuwapo, umati ulikuwapo, lakini shindano halikuwapo, kwa kuwa upande mmoja haukuikimbilia shabaha kabisa. Kwa hiyo kuhesabu ova peke yake hakutoshi kutuambia kama mtazamaji atarudi nyumbani ameridhika.

Sasa tuje hapa Nairobi, kwa kuwa mifano yetu wenyewe inatosha. Tarehe 15 Oktoba 2000, katika uwanja wa Nairobi Gymkhana, India na New Zealand zilikutana katika fainali ya shindano la mtoano la Baraza la Kimataifa la Kriketi, shindano ambalo leo linajulikana kama Kombe la Mabingwa. India ilipata 264, Sourav Ganguly peke yake akiwa na mikimbio 117. New Zealand ilipoanza kuifukuzia shabaha hiyo ilipoteza wiketi tano kwa mikimbio 132, na kwa hesabu ya kawaida mchezo ulikuwa umekwisha. Chris Cairns na Chris Harris wakasimama. Waliongeza mikimbio 122 kwa pamoja, Cairns akafikisha 102 bila kutolewa, na ushindi ukapatikana zikiwa zimebaki mipira miwili. Waliokuwa wamekaa pale waliona saa nzima ambamo kila ova ilibadilisha hesabu kidogo, bila papara, hadi nahodha wa India akaishiwa na mahali pa kumweka mdakaji. Ufufuo wa namna hiyo unahitaji muda, na muda huo haumo katika ova 20.

Mfano mkubwa kuliko wote wa miaka hii ya karibuni ulitokea Mumbai tarehe 7 Novemba 2023, katika Kombe la Dunia la ova 50. Afghanistan ilikuwa imepata 291. Australia ikajikuta na mikimbio 91 kwa wiketi saba, na hapo ilikuwa ova ya 19. Nawaomba mzingatie namba hiyo. Timu iliyo na 91 kwa wiketi saba katika ova ya 19 ya mchezo wa ova 20 ina mipira michache tu ya kujifariji. Watazamaji wanakuwa wameanza kutafuta njia ya kutokea. Usiku ule Australia ilikuwa na ova zaidi ya 30 mbele yake, na Glenn Maxwell, ambaye alikuwa ameponea chupuchupu baada ya mdakaji kuangusha mpira wake alipokuwa na mikimbio 33, akaamua kuzitumia. Misuli ya miguu ilimkaza hadi akashindwa kukimbia. Akaendelea kupiga akiwa amesimama pale pale, miguu haisogei, mikono tu ikifanya kazi. Alimaliza na mikimbio 201 kwa mipira 128 na Australia ikashinda kwa wiketi tatu, yaani wiketi tatu zikiwa bado hazijaanguka.

Mtu ambaye mimi humfikiria zaidi nikikumbuka mechi ile ni nahodha wake, Pat Cummins, aliyesimama upande wa pili na kupata mikimbio 12 kwa mipira 68. Katika ova 20, mikimbio 12 kwa mipira 68 ingekuwa aibu ya taifa, maana mpigaji mmoja angekuwa amekula zaidi ya nusu ya mipira 120 ya timu yake. Katika ova 50 ilikuwa kazi ya kishujaa, na umati uliielewa hivyo, ukashangilia mpira aliouzuia kama ulivyoshangilia sita za mwenzake, yaani mipigo ya mikimbio sita. Mchezo unaoweza kumfundisha mtazamaji kushangilia kuzuia na kushambulia kwa pamoja ni mchezo unaomheshimu.

Ova 50 zinamheshimu mrushaji pia. Sheria inamruhusu kila mrushaji kutumia sehemu moja ya tano ya ova za zamu, yaani ova 10 katika mchezo wa ova 50 na ova nne tu katika ova 20. Tofauti hiyo ndiyo iliyotupa tarehe 24 Februari 2003. Kenya ilicheza na Sri Lanka nyumbani, hapahapa Nairobi, katika Kombe la Dunia, na ikapata 210 kwa wiketi tisa, shabaha ambayo Sri Lanka yenye Aravinda de Silva, Mahela Jayawardene na Kumar Sangakkara ilitarajiwa kuifikia bila taabu. Collins Obuya alirusha ova 10 za mipira ya kuzunguka, akatoa mikimbio 24 tu na kuangusha wiketi tano. Sri Lanka ilitolewa yote kwa 157. Mrushaji wa aina yake anahitaji ova mbili za kuutambua uwanja, ova mbili za kumtega mpigaji, na baada ya hapo ndipo mavuno huanza. Angekuwa na ova nne tu, angeondolewa wakati mtego wake ndio kwanza unakaa sawa. Kenya iliendelea hadi nusu fainali, ikashindwa na India mjini Durban, na hakuna nchi nyingine isiyo mwanachama kamili wa Baraza la Kimataifa iliyofika hatua hiyo katika Kombe la ova 50.

Nimezisifu ova 50, na sasa ni haki niseme pale zinapomwonea mtazamaji. Kwanza kuna ova za katikati. Katika ova 10 za mwanzo wadakaji wawili tu huruhusiwa kusimama mbali, nje ya duara, kwa hiyo mpigaji hujaribu kuupitisha mpira juu ya vichwa vya wadakaji walio ndani ya duara. Katika ova 10 za mwisho kila mtu hupiga kwa nguvu kwa kuwa mwisho umekaribia. Ova 30 zilizo katikati zinaweza kuwa kavu: nahodha anaeneza wadakaji, mpigaji anasukuma mpira taratibu kwa mkimbio mmoja mmoja, na pande zote mbili zinaonekana kama zimekubaliana kusubiri. Mashabiki wa kweli huona humo vita vya akili, nami ni miongoni mwao, lakini mama aliyemleta mtoto wa miaka saba kwa mara ya kwanza hawezi kulaumiwa akiona kwamba hakuna kinachotokea.

Tatizo la pili ni zito zaidi. Mchezo wa ova 50 unapokosa ushindani, humpotezea mtazamaji siku nzima, au humwacha na siku tupu mikononi. Tarehe 17 Septemba 2023, mjini Colombo, watu walikuja kutazama fainali ya Kombe la Asia kati ya Sri Lanka na India. Mohammed Siraj akaangusha wiketi sita, Sri Lanka ikatolewa yote kwa mikimbio 50, na India ikamaliza kazi kwa ova sita na mpira mmoja. Mchezo uliopangwa kuwa wa ova 100 ulikwisha kabla ya kufika ova 22. Kwa Siraj ilikuwa siku ya maisha yake. Kwa aliyesafiri na familia yake kutoka mbali ilikuwa hasara.

Hapo ndipo ova 20 zinapopata hoja yao, na ni hoja yenye nguvu. Zilianza rasmi Uingereza mwezi Juni 2003, baada ya bodi ya kriketi ya huko kuwauliza watu waziwazi kwa nini hawaji uwanjani na kutambua kwamba wengi hawana siku nzima ya kutoa. Jibu likawa mchezo wa saa tatu, unaoanza jioni watu wakitoka kazini na kwisha kabla watoto hawajalala. Mwaka uliofuata, mechi ya Middlesex na Surrey uwanjani Lord's iliwavuta watu zaidi ya 25,000, umati ambao kriketi ya vilabu vya majimbo ilikuwa haijauona kwa miongo mingi. Mwaka 2007 Kombe la Dunia la kwanza la ova 20 lilichezwa Afrika Kusini, India ikaifunga Pakistan katika fainali kwa tofauti ya mikimbio mitano, na mwaka 2008 ligi kubwa ya India ikaanza. Yaliyofuata mnayajua.

Faida ambayo watu wa nchi zetu wanapaswa kuitambua zaidi ni kwamba mchezo mfupi hupunguza pengo kati ya mkubwa na mdogo. Tangu mwaka 2019 kila nchi mwanachama hutambuliwa kuwa timu ya kimataifa katika ova 20 za wanaume, na kwa wanawake utaratibu huo ulianza mwaka 2018. Kwa hiyo mechi ya Tanzania na Rwanda inayochezwa Kigali huingia katika kumbukumbu rasmi sawa na ya India na Australia. Mwaka 2023, mjini Windhoek, Uganda iliifunga Zimbabwe na kufuzu Kombe la Dunia. Kenya, kwa upande wake, imekosa hadhi ya kucheza mechi rasmi za kimataifa za ova 50 tangu mwaka 2014. Kijana wa Nairobi mwenye umri wa miaka 12 hajawahi kuiona timu yake ikicheza mechi ya hadhi hiyo, na nawaomba tusilizoee jambo hilo.

Lakini tazameni jinsi Uganda ilivyoshinda mechi yake ya kwanza katika Kombe la Dunia, maana humo mna jibu la swali letu. Ilikuwa Guyana, mwezi Juni 2024, dhidi ya Papua New Guinea. Papua New Guinea ilitolewa yote kwa mikimbio 77. Frank Nsubuga, akiwa na umri wa miaka 43, alirusha ova nne, akatoa mikimbio minne tu na kuangusha wiketi mbili. Kisha Uganda yenyewe ikaporomoka hadi 26 kwa wiketi tano, na Riazat Ali Shah akalazimika kukaa kwa mipira 56 ili apate mikimbio 33. Ushindi ulipatikana kwa wiketi tatu katika ova ya 19. Mchezo mzima ulikuwa na mikimbio 155 tu. Hakuna mtangazaji wa televisheni ambaye angeuchagua kutangaza ova 20 kwa wageni, na bado mtu yeyote aliyeutazama kutoka Kampala hadi Mwanza hakuweza kuketi, kwa sababu hadi mwisho haikujulikana nani atashinda.

Linganisheni na mwelekeo ambao ligi kubwa zimeuchukua. Tarehe 15 Aprili 2024, mjini Bengaluru, timu ya Hyderabad ilipata mikimbio 287 kwa ova 20, na wenyeji wakajibu kwa 262. Sita 38 zilipigwa katika mchezo mmoja. Inavutia, sikatai. Lakini sita inayopigwa mara 38 inakuwa kama pilipili iliyomwagwa yote sufuriani: ulimi unakufa ganzi na ladha ya chakula haijulikani tena. Shahid Afridi alipopiga mikimbio mia kwa mipira 37 hapa Nairobi, mwezi Oktoba 1996, akiwa kijana ambaye dunia haikuwa imemsikia, watu waliokuwa Gymkhana hawakusahau hadi leo, na rekodi yake ikadumu zaidi ya miaka 17. Ilikuwa mechi ya ova 50. Maajabu yake yalionekana kuwa maajabu kwa sababu ova zilizomzunguka zilikuwa za kawaida.

Kuhusu mitindo mifupi zaidi sitasema mengi. Ova 10 kwa kila upande, zinazochezwa Abu Dhabi kwa dakika 90 hivi, ni burudani ya kuonyesha nguvu, na mpigaji hana sababu ya kuithamini wiketi yake anapokuwa na wenzake tisa wa kumfuata kwa mipira 60 tu. Mchezo wa mipira 100, ulioanza Uingereza mwezi Julai 2021, unastahili heshima zaidi, na sababu yake kubwa haimo katika idadi ya mipira. Waandaaji wake waliamua kwamba wanawake na wanaume wacheze siku moja, uwanja mmoja, kwa tiketi moja, na mechi ya ufunguzi wakawapa wanawake. Maelfu ya watu ambao hawakuwahi kutazama kriketi ya wanawake waliipenda kwa kuwa tu waliwahi kufika. Hilo tunaweza kuliiga kesho bila kubadilisha sheria hata moja.

Kwa hiyo, viongozi wa vilabu, naomba ratiba zetu zimfikirie mtazamaji kwa njia hii. Siku za ova 20 ziwe siku za kuwaalika wageni: wanawake waanze saa nne asubuhi, wanaume wafuate saa nane mchana, tiketi iwe moja, na watoto wa shule waingie bure. Mechi za ova 50 zisirundikwe. Jumamosi moja kwa mwezi inatosha, ikiwa kati ya timu zinazolingana kwa nguvu, kwa sababu mechi ya ova 50 kati ya timu zisizolingana ndiyo inayofukuza watu. Ianze saa tatu asubuhi ili iishe mwanga ungalipo, maana viwanja vyetu vingi havina taa na jua letu halituchelewei.

Na mtu akishaketi, aambiwe kinachoendelea. Katika mechi nyingi za vilabu mtazamaji hujua mikimbio iliyopatikana lakini hajui inayohitajika kwa kila ova, na hilo ndilo jambo linaloupa mchezo wa ova 50 utamu wake. Ubao uonyeshe mikimbio iliyobaki, mipira iliyobaki na wiketi zilizobaki. Mvua ikinyesha, shabaha mpya itangazwe mara moja pamoja na maelezo ya jinsi ilivyopatikana. Mwaka 1992, katika nusu fainali ya Kombe la Dunia mjini Sydney, Afrika Kusini ilitoka uwanjani ikihitaji mikimbio 22 kwa mipira 13, na iliporudi baada ya mvua ya dakika chache ubao ukaonyesha kwamba inahitaji 22 kwa mpira mmoja. Kanuni ile ya mvua ilifutwa, ikaja hesabu ya Duckworth na Lewis, inayopanga shabaha kwa kuzingatia ova na wiketi zilizobaki, ambayo ni ya haki zaidi, lakini haki isiyoelezwa kwa aliye jukwaani humfanya ahisi amedhulumiwa. Tuwe na kipaza sauti, na tuwe na mtangazaji wa Kiswahili anayeujua mchezo, atakayeweza kumweleza mgeni kwa nini nahodha amemsogeza mdakaji hatua kumi kushoto.

Mwezi Oktoba na Novemba 2027 Kombe la Dunia la ova 50 litachezwa Afrika Kusini, Zimbabwe na Namibia, likiwa na timu 14. Saa za huko ziko nyuma ya zetu kwa saa moja tu, kwa hiyo wanafunzi na wafanyakazi wataweza kuzifuata mechi hizo wakiwa macho. Naziomba kamati za vilabu zianze mapema kupanga siku za kufungua milango, kuweka skrini kubwa, na wakati wa mapumziko kati ya zamu mbili kuwapeleka watoto uwanjani wapewe gongo na mpira. Mwenyekiti, nimefika mwisho wa niliyotumwa kusema, na sasa nayakaribisha maswali, hasa kutoka kwa vijana wanaoona kwamba ova 20 zilistahili kutetewa zaidi. Asanteni sana.